Mbio za Jumapili zitoke kwenye lami, ziingie msituni

Kila Jumapili alfajiri, Dar es Salaam huamshwa na vishindo vya miguu. Vikundi vya joging kutoka Temeke, Mbagala, Tabata na Kinondoni hujipanga kwa mistari, fulana zao za rangi moja, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia kwa mtindo wa mchakamchaka waliourithi shuleni na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wamo mafundi, mama lishe, walimu, madereva wa bodaboda na wastaafu. Ni desturi nzuri inayostahili kulindwa.

Kasoro yake ni njia. Mbio hizo hupita pembeni mwa barabara kuu, malori yakiwapita watu ubavuni, moshi ukiingia kifuani wakati ambapo mapafu yamefunguka kuliko saa nyingine yoyote ya juma. Goti nalo hupokea pigo la ardhi ngumu mara elfu kadhaa kabla ya kifungua kinywa.

Kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa katikati ya jiji hilohilo, katika vilima vya Kisarawe, upo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Huko Jumapili hakuna wimbo. Aliyezoea kuingia humo bila kuonwa ni mchoma mkaa.

Mambo hayo mawili yanaonekana kuwa mbali, lakini ni tatizo moja lenye dawa moja. Misitu iliyo karibu na miji ya Afrika Mashariki, pamoja na magofu na maeneo ya kumbukumbu yaliyomo ndani yake au jirani yake, inapaswa kufunguliwa kwa wakimbiaji kwa utaratibu unaoeleweka: vijia vipimwe, viwekewe alama, vilindwe, na fedha zinazopatikana zibaki palepale. Anayedhani hilo haliwezekani atazame Nairobi.

Msitu wa Karura uko kaskazini mwa jiji hilo, umezungukwa na mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda, na una ukubwa wa takriban hekta 1,000. Ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Kufikia miaka ya 1990 wakazi wengi wa Nairobi waliutaja kwa hofu, kwa kuwa ulijulikana kama maficho ya majambazi na mahali pa kutupa maiti. Raia walipokuwa wakiuogopa, wenye uwezo waliutamani. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya msitu huo ilikuwa imegawiwa kampuni binafsi ili zijenge majumba.

Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliamua kulijibu jambo hilo kwa miche. Tarehe 8 Januari 1999 alifika msituni na wenzake, wakiwamo wabunge, wapande mti. Walishambuliwa na kundi la walinzi, naye Maathai akapasuliwa kichwa. Habari hiyo ilienea ulimwenguni, wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, Maathai alitunukiwa Nobel ya Amani.

Hapo ndipo wengi huishia wanapoisimulia Karura. Lakini sehemu inayowahusu wakimbiaji inaanzia hapo.

Ushindi wa 1999 uliwazuia wajenzi, ila haukuwaondoa majambazi. Kwa miaka kadhaa msitu uliookolewa kwa damu ulibaki mahali ambapo raia wa kawaida hathubutu kupita peke yake. Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowapa wananchi nafasi ya kuunda vyama na kusimamia misitu bega kwa bega na Kenya Forest Service. Mwaka 2009 wakazi wa jirani waliunda chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Ukajengwa uzio wa umeme. Vijana wa Huruma, kijiji cha watu wa kipato cha chini kilicho mpakani mwa msitu, wakaajiriwa kuwa walinzi. Vijia vikasafishwa, makutano yakapewa namba, ramani zikachorwa. Mwaka 2011 malango yakafunguliwa.

Leo vijia vya Karura vina urefu wa zaidi ya kilomita 50. Mkimbiaji anaweza kuchagua mzunguko mfupi wa kilomita tano au kuzunguka msitu hadi miguu imwombe msamaha. Akishuka bondeni hukuta maporomoko ya maji, na karibu nayo mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950. Kwingineko hukutana na matanuri ya zamani ambamo Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikichomea noti chakavu. Mbega weusi kwa weupe, waliokuwa wametoweka hapo, wamehamishiwa tena na sasa huruka juu ya vichwa vya watu. Mikaratusi iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni na mbao inapunguzwa hatua kwa hatua ili miti ya asili irudi.

Na jambo kubwa kuliko yote: wanawake hukimbia humo asubuhi, wengi wao peke yao, katika msitu uleule uliokuwa gumzo la vifo. Uzio ulisaidia, na walinzi walisaidia. Hata hivyo uzio peke yake hukatwa, na mlinzi mmoja hawezi kuwa kila mahali. Kilichokamilisha kazi ni wingi wa watu. Mkimbiaji anayepita kijia kilekile kila juma huujua msitu kuliko ofisa anayekuja na gari. Akikuta mti umeangushwa, huuona. Akinusa moshi mahali pasipostahili, huuliza. Kila jozi ya viatu inayoingia getini ni jozi ya macho inayoingia bure.

Mapango ya Mau Mau yamefaidika vilevile. Mtoto wa Nairobi husoma habari za vita vya ukombozi darasani, akajibu mtihani, akasahau. Lakini yule anayesimama mbele ya lile tundu jeusi, jasho likimtiririka baada ya kupanda na kushuka, hupata swali ambalo kitabu hakikumpa: watu waliishije hapa, kwa chakula gani, kwa baridi gani ya Julai, huku askari wakiwatafuta? Historia ambayo mtu ameifikia kwa miguu yake mwenyewe huingia akilini kwa mlango mwingine.

Ukanda huu unapaswa kuona aibu njema kwamba wazo hili halijaenea. Hakuna sehemu duniani iliyotoa wakimbiaji wa masafa marefu wengi kama nyanda za juu za Afrika Mashariki, na karibu wote walilelewa na barabara za udongo. Iten, mji ulioko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari ukingoni mwa Bonde la Ufa, ulijengewa jina na vijia vya udongo mwekundu. Ni hapo ndipo Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alipofika mwaka 1976 kufundisha shule ya St Patrick's, na ni hapo alipomnoa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Eliud Kipchoge amefanya mazoezi yake kwa miaka mingi Kaptagat, ambako barabara za moramu hupenya katikati ya miti, na kupitia wakfu wake ameichukua sehemu ya msitu huo aitunze. Bingwa wa dunia ameona kwamba njia na msitu ni kitu kimoja. Ajabu ni kwamba halmashauri nyingi bado zinaviona kuwa mafaili mawili ya ofisi mbili.

Sababu za kimwili hazihitaji maabara. Udongo na majani makavu hupokea mguu kwa upole kuliko lami. Mizizi na mawe humlazimisha mtu abadilishe hatua, hivyo misuli midogo ya kifundo cha mguu hufanya kazi ambayo barabara iliyonyooka haiiombi. Kivuli huongeza muda wa kukimbia katika miji ya pwani ambako ikifika saa mbili asubuhi jua limeshakuwa adui. Na mlima mdogo wa msituni hufundisha uvumilivu kuliko kilomita kumi za tambarare.

Turudi Kisarawe, kwa sababu huko ndiko hoja hii ina uzito mkubwa zaidi kwa Tanzania. Pugu-Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilienea zaidi, aina ya misitu inayosifika duniani kwa kuwa na mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kwa miongo kadhaa imemegwa na mkaa, mashamba na makazi, kwa sababu jiji la mamilioni ya watu linapika na msitu uko jirani. Ndani ya eneo hilo yamo mapango ya Pugu, yaliyochimbwa ili kutoa udongo mweupe wa kaolini, na leo popo wamefanya humo makao yao.

Halafu kuna historia ya taifa zima, iliyo jirani na miti hiyo. Baada ya kurudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, Julius Nyerere alifundisha katika Chuo cha St Francis, Pugu, shule ambayo leo ni Sekondari ya Pugu. Alikuwa mwalimu hapo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955, akitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliacha kazi. Wazee wa Dar es Salaam husimulia jinsi alivyotembea kwa miguu kutoka Pugu hadi mjini kwenda vikaoni. Barabara iliyoitwa Pugu Road sasa ni Barabara ya Nyerere, na kila siku maelfu ya watu huipita ndani ya magari wakielekea uwanja wa ndege bila kufikiri kwamba jina hilo lina miguu ndani yake.

Fikiria basi njia ya mbio inayoanzia karibu na shule hiyo, ikapanda vilima, ikaingia chini ya miti, ikapita karibu na mapango na kurudi. Kufika huko si taabu tena. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina kituo Pugu, na reli ya kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita vilima hivihivi. Mkazi wa jiji anaweza kuwahi mbio, akanywa supu Kisarawe na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Fedha ya supu hiyo, ya maji, ya ndizi na ya kuegesha gari itaingia mifukoni mwa watu ambao leo hupata riziki kutoka msitu huo kwa njia moja tu, nayo ni kuuchoma.

Kaskazini mwa Dar es Salaam, Bagamoyo inasubiri vivyo hivyo. Magofu ya Kaole yako kilomita tano hivi kusini mwa mji. Humo umo msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe, na miti mikongwe ya mibuyu. Njia ya kwenda huko hupita upande wa TaSUBa, chuo cha sanaa, kisha minazi na mashamba, huku mikoko ikilinda ufuko. Kwenda na kurudi ni kilomita kumi, kipimo ambacho mkimbiaji yeyote wa mtaani anakijua. Akianzia Ngome Kongwe na kumalizia upande wa misheni iliyojengwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, atakuwa amepita karne saba katika asubuhi moja. Kwenye misheni hiyo ndiko mwili wa mvumbuzi David Livingstone ulikofikishwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi kutoka kusini mwa Ziwa Bangweulu.

Na Bagamoyo ndiyo mwisho wa njia iliyotisha kuliko zote: barabara ya misafara kutoka Ujiji, kilomita 1,200 hivi, kupitia Tabora, Kilimatinde, Mpwapwa na Mamboya. Wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani, na wengine waliipita na minyororo shingoni. Tanzania iliipeleka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006. Sehemu nyingi zake zinamezwa na vichaka, mashamba na viwanja vya nyumba. Vipande vyake vikipimwa na kuwekewa alama kama njia za miguu, kumbukumbu hiyo itapata walinzi. Huko mbio zifanyike kwa heshima: vibao visimulie ukweli bila kupamba, na waandaaji wasiligeuze eneo hilo kuwa uwanja wa spika na muziki.

Jambo la kutia moyo ni kwamba usimamizi umeshaanza kuelekea huko. TFS, taasisi ya misitu, imekabidhiwa pia magofu ya Kaole. Mkono uleule unashika mti na jiwe. Kinachokosekana ni njia ya kuviunganisha na watu.

Kenya nayo ina pwani yake ya kufanyia kazi. Gede, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, ni mji wa Waswahili ulioachwa kufikia karne ya 17, kisha msitu ukaufunika. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Mtu akiingia leo hukuta msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na makaburi ya nguzo, moja likiwa na tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia, yote chini ya miti iliyopenyeza mizizi kwenye kuta. Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ng'ambo ya barabara unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu.

Eneo hilo limeshathibitisha kwamba jirani wa msitu huulinda anapofaidika nao. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa za vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke na kuziuza nje ya nchi. Mkulima ambaye mapato yake hutegemea vipepeo wa msituni hana hamu ya kuona miti yao ikigeuka mkaa. Njia za mbio zingeongeza mkondo mwingine wa riziki juu ya huo.

Lakini Arabuko-Sokoke ina tembo, na hapa wapenda mbio wanapaswa kukubali mipaka bila kunung'unika. Si kila msitu hufunguliwa kwa namna ya Karura. Penye tembo, mtu hakimbii peke yake na vifaa vya muziki masikioni. Huenda na askari wa wanyamapori, kwa kundi, kwa saa zilizopangwa na kwenye vijia vya pembezoni. Ndani ya kuta za Gede vilevile si mahali pa mbio. Mkimbiaji afike getini, apumue, alipe kiingilio, atembee. Mbio zimfikishe kwenye gofu, kisha zimwache hapo.

Yapo pia maeneo ambayo kiatu cha mbio hakipaswi kuingia kabisa. Makaya ya Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, yamedumu kwa sababu wazee waliweka miiko na jamii ikaitii. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni, ila kwa masharti: mgeni hufungwa kaniki, huongozwa, hufuata adabu za mahali. Mpangaji wa mbio anayeitazama kaya na kuona kivuli kizuri cha kilomita kumi amekosea njia. Kaole nako kuna makaburi ambayo watu bado huyazuru kwa dua. Orodha ya njia mpya ianze na orodha ya mahali pasipoguswa, na orodha hiyo iandikwe na wenyeji.

Wapo watakaosema miguu mingi huharibu. Wana haki ya kuonya, na jibu lipo tayari kwa walioanza zamani. Kaskazini mwa Uingereza unapita Ukuta wa Hadrian, ulioanza kujengwa na Warumi mwaka 122. Tangu 2003 upo mkondo wa njia ya miguu wa kilomita 135 unaoufuata. Wasimamizi wake huwaomba watu wasipande juu ya ukuta, na penye majani watembee sambamba badala ya kufuatana, ili wasichimbe mfereji juu ya masalia yaliyo chini ya udongo. Kitabu cha mihuri anachojaza msafiri hugongwa kuanzia Mei hadi Oktoba, wala si katika miezi ya matope, ili watu wasivutiwe kwenda wakati ardhi ni laini.

Somo hilo linahamishika bila shida. Vilima vya Pugu vina masika ya Machi hadi Mei. Vijia vyenye mteremko vifungwe wakati huo, idadi ya washiriki katika mbio kubwa iwekewe ukomo, na njia zihamishwe kila udongo unapoanza kulika. Msitu wa Pugu haujamalizwa na viatu vya wakimbiaji. Umemalizwa na shoka, na shoka hupenda upweke.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba njia za namna hii huwa starehe ya wenye nacho. Ni kweli kwamba Karura imezungukwa na mitaa ya matajiri na kwamba mlangoni kuna ada. Ada ndogo inayolipa walinzi ni halali. Ada inayomfukuza fundi na mwanafunzi ni kosa, kwa sababu msitu wa hifadhi ni mali ya umma. Kila eneo liwe na saa za bure, kwa mfano asubuhi moja katika juma, na wanafunzi wa shule za jirani wasitozwe kitu siku zote.

Lipo pia suala la fedha zinakokwenda. Mwaka 2025 ugomvi kuhusu nani akusanye ada za malango ya Karura, chama cha wananchi pamoja na wakala wa misitu au mfumo wa serikali kuu, ulifika mahakamani. Wengine waliuona kuwa mzozo wa watu wa Nairobi. Kumbe unahusu kila mahali patakapofuata nyayo hizo. Mlinzi kutoka Huruma hulipwa na kile kinachoingia getini. Fedha hiyo ikisafiri hadi hazina kuu na kurudi kwa kuchelewa, uzio hautengenezwi, kijia hakifyekwi, na mwananchi aliyejitolea huona hana sababu ya kuendelea. Sheria za Tanzania na Kenya zinatambua ushiriki wa jamii katika misitu. Utambuzi huo uonekane kwenye akaunti ya benki ya kijiji.

Gharama ya kuanza si ya kutisha. Njia ya kilomita kumi haihitaji lami, zege wala mkandarasi mkubwa. Inahitaji watu wenye mapanga wakiongozwa na ofisa misitu anayejua mti upi usiguswe. Inahitaji nguzo zenye namba kwenye kila makutano, kama Karura. Inahitaji ramani kubwa getini na nyingine ya kupakua kwenye simu. Inahitaji namba ya dharura iliyoandikwa mahali panapoonekana, na mlinzi anayeipokea. Vibao vya historia viandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa maneno machache yaliyosomwa na mtaalamu wa mambo ya kale kabla hayajachongwa. Jina la mti liwepo kwenye mti.

Waandaaji wa mbio za hisani, ambazo sasa hufanyika katika miji yetu karibu kila mwezi, wanaweza kubeba sehemu ya mzigo. Kampuni zinazodhamini fulana na medali zinaweza kudhamini nguzo za njia, ambazo zitatumika miaka mingi baada ya fulana kuchakaa.

Pa kuanzia Tanzania pawe Pugu, kwa kuwa msitu uko kwenye hatari, jiji liko karibu, treni ipo na historia haihitaji kutafutwa. TFS na Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe wakubaliane kuhusu njia moja ya kilomita kumi na nyingine ya kilomita tano kwa wanaoanza, zifunguliwe msimu wa kiangazi, na hesabu za mapato zibandikwe kwenye ofisi za vijiji vinavyopakana na msitu ili kila mtu asome. Wanafunzi wa Sekondari ya Pugu wafundishwe kuwa waongoza njia wa mwishoni mwa juma: wajue kusimulia habari za mwalimu aliyefundisha shuleni kwao na kuacha kazi Machi 1955, wajue miti kwa majina, wajue kufunga kifundo cha mguu kilichoteguka, na walipwe kwa kazi hiyo.